Nilivyoiacha roboti ya chuo inishikie nafasi kwenye foleni ya betri Kariakoo

Wakuu, habari za mchana, na poleni na joto.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mchangiaji. Leo nimejikuta naandika kwa sababu ya ule uzi wa vijana wa chuo waliotengeneza roboti ndogo ya magurudumu, ile inayojiendesha korido nzima bila kugonga ukuta. Video nimeiangalia mara nne. Hongera zao, kazi ni nzuri.

Ila pale chini kuna mtu kaandika kwamba ni mara ya kwanza kitu cha namna ile kutembea hapa Bongo. Nikaanza kumjibu, nikachoka katikati. Kwa umri wangu ubishi wa mtandaoni unaumiza mpaka mgongo. Nikaona bora niweke uzi wangu, atakayesoma asome.

Picha sina. Mtakaosema ni chai, yaani nimetunga, haya, ni chai, kunyweni. Mimi nitasema nilichokiona na nilichokifanya, pamoja na kile ambacho kwa miaka mingi sikutaka kukisema.

Uzi ni mrefu. Wale wa "fupisha mkuu" ruksa kupita.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, ile ya mwishoni mwishoni. Nilikuwa technician kwenye maabara ya chuo kimoja hapa Dar, ambacho nitakiacha bila jina. Nilipanga chumba Gerezani na mke wangu Asumini, sote watu wa Masasi.

Kwa ambao hamkuwepo, mambo yote yalikuwa foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, dawa ya meno foleni. Ukipita ukaona watu wamejipanga, unajipanga kwanza, ndipo unamuuliza wa mbele yako kinauzwa nini. Wakati mwingine naye hajui.

Bosi wangu alikuwa Daktari Gaudensi, Mngoni wa Songea, mwembamba, mpole, mwenye kaunda suti mbili tu za kubadilishana. Alisoma nje, wakampa kazi huko huko, akaikataa akarudi nyumbani. Alirudi na swali moja kichwani, na lile swali ndilo lililomla ujana wake.

Swali lenyewe ni hili. Ukiwa na vigari vingi vidogo, visivyo na dereva wala msimamizi, vinawezaje kufuatana kwenye mstari bila kugongana na bila kuachana?

Jibu lake lilikuwa kwamba havihitaji kujua mengi. Kila kimoja kijue jambo moja tu, aliye mbele yangu yuko wapi. Sogea taratibu mpaka umguse, ukishamgusa tulia, subiri kidogo, halafu jaribu tena.

Vijana wa robotiki mtacheka, najua. Leo kuna sensor ya buku mbili tatu inafanya hayo yote. Sisi tulitumia mwaka na nusu.

Motor zilitoka kwenye gramafoni mbili za betri zilizokufa. Gia ni za saa za mezani. Magurudumu nilichonga kwa mti, nikayavisha mpira wa tyubu ya baiskeli. Ubongo wake zilikuwa swichi za sumaku tulizotoa kwenye mtambo wa simu uliotupwa, zinalia "ta, ta" kila akifanya uamuzi. Mbele tuliweka waya mwembamba wa breki ya baiskeli, umepinda kama sharubu, ndio ulikuwa mkono wake wa kugusia.

Juu tulimfunika kwa sufuria ya Asumini iliyotoboka. Tukamwita Kobe.

Tulitaka kutengeneza watatu. Vifaa vilitosha mmoja na nusu, na yule nusu akaishia kuwa spea za mzima.

Basi tukawa tunampanga Kobe nyuma ya maboksi. Mimi nalivuta boksi kwa kamba, yeye anafuata, anagusa, anatulia. Ndani ya chumba chetu alifanya vizuri sana. Lakini Daktari alikuwa haridhiki. Alikuwa anasema boksi halina tabia, binadamu ana tabia. Anasogea nusu hatua, anarudi, anageuka kuongea na mwenzake. Alitaka Kobe ajaribiwe kwenye foleni ya watu kweli. Akaomba ruhusa ya kumpeleka kwenye foleni ya chakula ya wanafunzi, akanyimwa, wakasema tutaleta mzaha mahali pa chakula.

Kumbukeni hilo la foleni ya watu. Nitalirudia huko mbele.

Sasa ikaja barua. Kamati itapita Ijumaa asubuhi kukagua kila project, na kila mtu aeleze kazi yake inamsaidia nini mkulima na mfanyakazi. Atakayeshindwa, chumba chake kinapewa wenye shida nacho. Na wenye shida nacho walikuwepo tayari, maana kuna watu walikuwa na magunia ya mbolea ya majaribio yanalala koridoni.

Daktari alinisomea ile barua akiwa amesimama. Akasema maneno ambayo bado nayasikia. "Issa, mimi sikurudi kuja kufundisha hesabu. Ijumaa Kobe akitembea mbele yao, tunaendelea. Asipotembea, basi."

Jumatano hiyo hiyo gia moja ikang'oka meno. Na betri zilikuwa zimebaki na pumzi ya mwisho.

Kobe alitumia betri sita kubwa za tochi. Stoo ya chuo hakuna. Daktari akahangaikia barua yenye mhuri, iniruhusu kununua sita kwa mpigo, kwa sababu mtu wa kawaida alikuwa anauziwa mbili tu. Alhamisi asubuhi nikamchukua Kobe kwenye kikapu, nikampeleka kwa fundi wangu wa Gerezani achonge gia mpya ya shaba. Mpango ukawa gia kwanza, kisha nipite Kariakoo, maana fununu ilikuwepo kwamba betri zitashuka siku hiyo.

Na mimi siku hiyo nilikuwa na foleni nyingine.

Asumini alikuwa na mtoto wa wiki tatu. Uji wa mzazi bila sukari ni adhabu, na yeye alikuwa anaunywa hivyo siku ya tano, kimya, bila kulalamika, jambo ambalo lilinichoma kuliko kama angelalamika. Kwa hiyo alfajiri, kabla ya kwenda kwa fundi, nilikuwa nimeshapita Mtaa wa Sikukuu kwenye duka la sukari na kuacha jiwe.

Hapa nisimame kidogo, kwa faida ya vijana.

Kuacha jiwe ilikuwa hivi. Huwezi kusimama mahali pamoja kuanzia alfajiri mpaka saa saba. Kwa hiyo unaweka jiwe, au tofali, au kopo, pale ulipofikia. Foleni ikisogea, aliye nyuma yako anasukuma jiwe lako kwa mguu. Ukirudi unasimama palipo jiwe, na hakuna atakayekuuliza.

Lakini huweki jiwe ukaondoka tu. Lazima uage. Unamgeukia wa nyuma, unamsalimia, unamwambia mimi fulani, nakaa mahali fulani, naacha jiwe langu, nitarudi. Unamwambia na wa mbele. Wanakuangalia usoni wakukariri. Jiwe lisiloagiwa ni jiwe la barabarani tu, linapigwa teke.

Kwenye sukari, nyuma yangu alikuwa Bi Somoe, mama mtu mzima wa mtaa wa pili na ninapokaa. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwonyesha kipande changu cha tofali. Akasema nenda mwanangu, mzazi wako hajambo? Nikasema hajambo. Nikaenda.

Hiyo ndiyo ilikuwa adabu ya foleni, na mimi niliijua vizuri.

Fundi alimaliza gia na kumfungia Kobe kwenye saa nne. Nikafika Mtaa wa Mchikichi, kweli betri zipo, na foleni si ya kutisha sana. Mbele yangu kama watu hamsini. Nikajipanga. Nyuma yangu akaja mama mmoja mnene, sauti nzito, nikasikia wenzake wanamwita Mama Upendo. Nyuma yake watu wakaendelea kumiminika.

Ikapita kama nusu saa. Moyo wangu ukawa Sikukuu kwenye sukari. Niliona kule lazima watakuwa wameanza kuuza, na Bi Somoe anaweza kusukuma tofali lakini hawezi kununua kwa niaba yangu, maana walikuwa wanataka mwenye kadi ya mgao mwenyewe.

Nikaangalia chini nitafute jiwe. Na ndani ya kikapu changu yumo Kobe.

Wakuu, naomba mnielewe akili yangu ya wakati ule. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa nimeshika kitu ambacho niliamini hakuna mwingine nchi nzima anacho. Betri zake zilikuwa dhaifu, ila za kutambaa zilitosha. Nikajiambia hii ndiyo ile foleni ya watu Daktari anayoililia, na hapa hakuna wa kuninyima ruhusa.

Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba nilitaka watu waone.

Nikamtoa Kobe, nikamweka chini nyuma ya viatu vya jamaa wa mbele yangu, nikawasha. Akatambaa, sharubu zikagusa kisigino, ta, ta, akatulia. Yule jamaa akasogea hatua. Kobe akasubiri, akatambaa, akagusa, akatulia.

Watu wakaacha kuongea. Mama Upendo akaniangalia, akamwangalia Kobe, akaniangalia tena. Alikuwa anasubiri niseme kitu.

Sikusema. Nilijiona mjanja kupita kiasi. Nilijiambia jiwe ndilo lenye kuhitaji wa kulisukuma, hili langu linajisukuma, sasa nimbembeleze nani? Nikaining'iniza ile barua yangu yenye mhuri mfukoni ionekane kidogo, nikaondoka kwa mwendo wa mtu mwenye kazi muhimu. Sikumsalimia wa nyuma wala wa mbele.

Kule Sikukuu tofali langu nililikuta hatua tatu kutoka mlangoni. Bi Somoe alikuwa amelisukuma asubuhi nzima kwa mguu wake wenye uvimbe. Kijana mmoja alishajaribu kuingia pale, akamfukuza. Nikachukua sukari, nikamshukuru harakaharaka, nikakimbia.

Nilichelewa kama saa moja hivi.

Yaliyotokea Mchikichi nilisimuliwa na watu wanne kwa wakati mmoja, kila mmoja akimkatiza mwenzake, kwa hiyo nitayapanga nilivyoweza.

Mwanzoni Kobe alikuwa sherehe. Alisogea na watu, alisimama na watu. Jamaa wa mbele akawa anarudi nyuma kwa makusudi, Kobe akiguswa anatulia, hamsukumi. Watu wakapiga makofi. Mtu mmoja akahesabu hatua zake kwa sauti, na foleni yote ikawa inahesabu naye. Zilifika kumi na tano.

Kisha mtu akauliza, dude hili la nani?

Mama Upendo akauliza mbele, akauliza nyuma, mara tatu. Hakuna anayenijua jina wala ninapokaa. Alichojua mmoja ni kwamba nilikuwa na barua.

Neno barua likabadilisha hali ya hewa. Watu walikuwa wamechoka, jua limewawakia, na kila siku wanapitwa na wenye barua. Mmoja akasema hapo ndipo mwisho wetu, sasa wakubwa wataleta madude yao yajipange, sisi turudi nyumbani. Mwingine akasema kesho atakuja mtu na madude ishirini.

Na kwa kuwa zilikuwa enzi zile, hawakumpiga Kobe teke. Walifanya kikao.

Nawaambia ukweli. Kulikuwa na mzee mmoja balozi wa nyumba kumi ndani ya foleni, akatoka mstarini, akaomba utulivu, akaweka hoja mezani bila meza. Je, dude hili lina nafasi au halina nafasi? Wakachangia, wa kuunga na wa kupinga, huku foleni ikisogea na kikao kinasogea nayo. Mwisho wakanyoosha mikono. Watatu walisema Kobe abaki. Waliobaki wote walisema atoke.

Wakambeba kwa heshima, watu wawili, wakamweka pembeni ya ukuta wa duka.

Bahati mbaya walimweka akiwa ameelekea ukutani. Na hakuna aliyejua pa kumzimia.

Nilipofika nilimkuta hapo. Anatambaa, anagusa ukuta, ta, ta, anatulia. Anasubiri. Anatambaa, anagusa ukuta. Sauti ya motor ilikuwa imeshaanza kushuka. Nilipoinama kumzima, akawa amejizima mwenyewe.

Nikaenda kwenye nafasi yangu, mbele ya Mama Upendo, ambayo sasa ilikuwa karibu kabisa na mlango. Nikasema nafasi hii ni yangu, lile dude ni langu, na nina barua.

Mama Upendo hakunifokea. Ningependa angenifokea.

Akasema, "Ndugu yangu, jiwe ningekusukumia. Ungeweka hata ganda la muhogo ningekusukumia, maana ungeniaga. Hili lako linajisukuma lenyewe. Sasa mimi nikujue wewe wa nini?"

Balozi akaniambia kwa upole kwamba kikao kimeshaamua, nikajipange mwisho, na barua yangu nitaionyesha nikifika.

Nikajipanga mwisho. Betri ziliisha mbele yangu kuna watu kama kumi na mbili.

Sasa ndipo ninapofika kwenye sehemu yenyewe, na hapa naandika polepole.

Nilienda nikakaa ukutani karibu na Kobe, kikapu cha sukari mapajani. Watu walikuwa bado wanatoka dukani, kila mmoja na betri zake mbili mkononi. Mama Upendo, aliyekuwa amebaki mlangoni akiwasubiri wenzake, akaja na zake. Akanipita, akarudi.

Akaniuliza lile dude linatumia ngapi. Nikamwambia sita. Akaniuliza nina shida nazo sana?

Alisimama pale na betri mbili mkononi, wakuu. Alisimama muda wa kutosha. Nyuma yake wanatoka wengine, wale wale waliokuwa wanahesabu hatua kumi na tano kwa furaha.

Nikamwambia, "Hapana mama, usijali. Nitapata kwingine."

Alinitazama kidogo, akasema haya, akaenda zake.

Nilihitaji watu sita, betri moja moja. Tangu nijipange mwisho walinipita watu zaidi ya hamsini, na sikumwomba hata mmoja. Niliona aibu. Walikuwa wameninyooshea mikono na kunishinda, sasa nianze kuwaombaomba? Nikambeba Kobe nikarudi.

Kwa Daktari nikasema uongo. Nikasema nimekuta betri zimekwisha. Ndivyo tu. Sikusema habari ya foleni, wala kikao, wala kwamba Kobe alitoka kikapuni.

Alikubali bila kuuliza. Enzi zile ukisema kitu kimekwisha, hakuna aliyekuwa na sababu ya kushangaa.

Ijumaa tulimfunga Kobe waya tukauchomeka kwenye kifaa cha maabara cha kupunguzia umeme. Ndiyo namna pekee iliyobaki. Kamati wakaingia, watu watano, wastaarabu, wamechoka kama sisi. Daktari akaeleza. Nikavuta boksi. Kobe akatambaa, akagusa, akatulia, akatambaa tena, kisha waya ukakazika akawa anajivuta hapo hapo.

Mjumbe mmoja akauliza bila kejeli yoyote, "Kwa hiyo kinatembea chenyewe mpaka pale waya unapoishia?"

Daktari akasema kikipata betri hakihitaji waya. Wakauliza kilishawahi kutembea nje ya chumba hiki, mahali penye watu? Mimi nilikuwa nimeshika kamba ya boksi. Niliangalia chini.

Daktari akasema, "Hapana. Bado."

Wakaandika kwamba kazi isimame mpaka vifaa vitakapopatikana. Jumatatu magunia ya mbolea yakahamia ndani. Kobe tulimweka juu ya kabati, na baadaye mtu akahitaji zile motor.

Daktari alivumilia kama mwaka mmoja. Kisha akaomba kurudi kwao kusini, akaenda kufundisha hesabu sekondari. Alifundisha hesabu mpaka akastaafu.

Mimi niliendelea na kazi, nikalea watoto, nikazeeka. Yule mtoto wa wiki tatu leo amenipa wajukuu watatu.

Miaka michache iliyopita nikasikia Daktari yuko Dar, amekuja kutibiwa, amefikia kwa binti yake Upanga. Nikapanda bajaji nikaenda. Nilimkuta barazani, mwembamba vile vile, macho yamepungua nguvu. Alinitambua kwa sauti.

Nikaona nisipoyasema siku ile sitayasema tena. Nikamwambia yote kama nilivyowaambia hapa. Sukari, barua, kuondoka bila kuaga, kikao, ukuta, betri mbili za Mama Upendo. Nilimwambia pia kwamba mimi ndiye niliyesababisha chumba chake kipewe mbolea. Nilijiandaa kwa hasira zake. Hata machozi ningeyakubali.

Hakushika hata moja kati ya hayo. Aliniuliza, "Hatua ngapi?"

Nikasema kumi na tano.

"Kati ya watu? Wanaosogea wenyewe?"

Nikasema ndiyo. Nikamweleza yule jamaa aliyekuwa anarudi nyuma makusudi. Akaniuliza Kobe alifanya nini aliporudiwa. Nikasema alitulia. Akauliza jua lilikuwa upande gani, na chini palikuwa na mchanga au saruji. Akaniuliza alipoteza mstari mara ngapi. Nikasema walionisimulia hawakusema kama alipoteza.

Akamwita binti yake alete kalamu na karatasi. Macho yake hayakuiona tena mistari, ikabidi niandike mimi, yeye akisema. Hatua kumi na tano, mchana, mchanga, watu.

Kisha akasema, tena bila ubaya wowote, "Issa, wewe unaniomba radhi ya betri. Mimi miaka yote hii nilikuwa naamini kati ya watu angeshindwa."

Basi. Ndilo lililonikalisha chini, wakuu. Mimi nilikuwa nimebeba kosa la betri miaka yote, kumbe betri zilikuwa kitu kidogo. Kosa lilikuwa lile neno "zimekwisha". Mtu alifanya kazi yake ikafanikiwa mbele ya foleni nzima, foleni ikapiga makofi, na yeye peke yake ndiye hakuambiwa. Akaenda kufundisha hesabu akiamini swali lake lilikuwa bovu.

Daktari alizikwa kwao Songea mwaka uliofuata. Sikuweza kusafiri, miguu.

Funzo langu ni dogo, na nimelipata nimeshachoka. Ukiharibu kitu cha mtu, mwambie umekiharibu, lakini mwambie pia jinsi kilivyokuwa kinafanya kazi kabla hujakiharibu. Na ukiondoka mahali, aga walio nyuma yako, hata kama unadhani huna shida nao. Hayo ndiyo niliyonayo.

Kwa yule kijana aliyeandika kwamba roboti yao ni ya kwanza, sina ugomvi. Yao inatembea korido nzima. Yetu ilitembea hatua kumi na tano Mtaa wa Mchikichi, mashahidi wakiwa foleni ya betri.

Na kama humu kuna mtu ambaye mama yake au bibi yake aliitwa Mama Upendo, mnene, sauti nzito, aliyewahi kusimulia habari ya sufuria iliyokuwa inatembea, naomba aandike hapa chini. Nilimwambia sina shida, na nilikuwa nayo.

Wengine wenye kumbukumbu za foleni, karibuni. Kila mmoja atuambie jiwe lake aliliacha wapi, na nani alilisukuma.